Mche wa Kwenye Kiriba na Tuta la Mboji: Lipi Kweli, Lipi Uzushi

Mvua za vuli zikikaribia, wauza miche hupanga trei zao kando ya barabara: nyanya, hoho, kabichi, sukuma wiki, na nyuma yake mipapai na miparachichi ya kwenye viriba. Mwenye bustani hununua, huchimba vishimo kwenye tuta alilolilisha mboji na samadi, hupanda na kumwagilia. Wiki ya pili sehemu kubwa ya miche imelala chini. Hapo ndipo maelezo humiminika. Jirani anasema mche umeshtuka. Muuza pembejeo anasema udongo hauna nguvu. Mzee wa mtaa anasema mwezi ulikuwa haujakaa vizuri.

Mengi ya maelezo hayo yanatazama juu, kwenye majani, wakati shauri lote liko chini. Mche uliokulia kwenye kiriba au trei huja na bonge lake la udongo, na mizizi yote imo humo. Unakuwa umepandwa kweli siku mizizi yake inapotoboa bonge hilo na kuingia kwenye udongo wa tuta. Kabla ya siku hiyo umewekwa tu pale. Kwa hiyo kila neno la bustanini linalohusu kuhamisha miche nalipima kwa swali hilo: linaisaidia mizizi itoke, au linaizuia? Nimechukua maneno yanayosikika zaidi katika bustani zinazolimwa bila mbolea za viwandani, na hukumu zake ndizo hizi.

“Mche ukihamishwa lazima ushtuke na kudumaa.”

Nusu kweli. Inategemea ni mizizi mingapi imebaki kitaluni. Mche unaong'olewa kwenye kitalu cha ardhini huacha nyuma ile mizizi myembamba kama nywele, na hiyo ndiyo inayonyonya maji. Majani hayajui kwamba mizizi imepungua. Yanaendelea kutoa maji hewani kama jana, na mche unalala. Vitunguu vya Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, hung'olewa kitaluni mizizi ikiwa uchi, hupandwa kwa maelfu, hulegea siku chache, kisha husimama. Mshtuko upo, lakini si hukumu ya kifo.

Mche wa trei au wa kiriba, ambao bonge lake limetoka zima, unaweza usilegee kabisa. Ukiuona umesimama palepale wiki ya tatu, jani halikui wala halifi, acha kusema umeshtuka na uanze kutafuta sababu: bonge limekauka, udongo umekanyagwa ukawa mgumu, au umekutana na samadi ambayo haijaiva.

Linaloweza kupunguza mshtuko kabla haujaanza ni kukomaza miche, na hapo kauli ya mabwana shamba na mabibi shamba ni kweli tupu. Mche uliolelewa ndani ya kitalu nyumba haujawahi kupigwa na upepo wala jua kali, na ngozi ya majani yake ni nyororo. Wiki moja kabla ya kuuhamisha, utoe nje kwa saa chache, kisha nusu siku, kisha siku nzima, huku ukipunguza maji bila kuuacha unyauke. Kukata majani nusu ili mche “usihangaike” kuna maana kwa mche wa mizizi uchi kama kitunguu. Kwa mche wa trei ni kuunyang'anya chakula, kwa sababu majani hayo ndiyo yanayolipia gharama ya mizizi mipya.

“Mwagilia tuta zima lilowe, mche utajitafutia maji.”

Si kweli, na naamini neno hili linaua miche mingi kuliko sota na panzi kwa pamoja.

Udongo wa kwenye trei huwa mwepesi: kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), pumba za mpunga zilizounguzwa, mboji iliyochekechwa. Vitundu vyake ni vikubwa. Udongo wa shambani, hasa mfinyanzi, una vitundu vidogo sana, na vitundu vidogo hushikilia maji kwa nguvu kuliko vikubwa. Bonge la kokopiti likizungukwa na mfinyanzi, maji hayatiririki kutoka kwenye mfinyanzi kuingia ndani ya bonge. Mfinyanzi unayabana, na pengine unayavuta hata yale machache yaliyomo kwenye bonge. Wakati huohuo majani nayo yananyonya kutoka kwenye bonge hilohilo, kwa kuwa mizizi haijafika kwingine.

Tundu moja la trei yenye matundu 200 hubeba udongo wa kama kijiko kimoja cha mezani. Siku ya jua, maji ya kijiko hicho yanaweza kuisha kabla ya saa nane mchana, ilhali sentimita mbili pembeni udongo uko majimaji. Mkulima anachoma kidole kwenye tuta, anakuta unyevu, anaamua kwamba mche una ugonjwa, anapulizia dawa. Mche unakufa kwa kiu katikati ya maji.

Kinga yake haina gharama. Loweka trei nzima kwenye beseni kabla ya kupanda, bonge liingie ardhini likiwa limeshiba. Fukia juu ya bonge udongo wa tuta wa unene wa sentimita moja, ili kokopiti isibaki imetazama jua na kuvukiza maji. Bonyeza pembeni kwa vidole mpaka bonge na tuta vigusane, maana pengo la hewa katikati ni ukuta ambao mzizi hauvuki. Usikanyage kwa mguu. Mguu unaziba vitundu ambamo mizizi ingepumua. Kisha, kwa siku saba hadi kumi za mwanzo, mwaga maji kidogo palepale shinani, juu ya bonge, hata kama tuta linaonekana limelowa. Baada ya hapo sogeza maji nje kidogo kidogo, mizizi iyafuate.

Mche ukilegea saa saba mchana na kusimama tena magharibi, uache. Ukiwa umelegea alfajiri, hapo una shida ya kweli.

Sheria hiyohiyo ya vitundu inabomoa imani nyingine maarufu, ya kuweka kokoto chini ya pipa, kopo au tuta la mbao ili maji yapite. Si kweli. Maji hayatoki kwenye udongo mlaini kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Ukiweka kokoto, unachofanya ni kupandisha juu ile sehemu iliyojaa maji, karibu zaidi na mizizi. Toboa matundu chini ya pipa, jaza udongo ule ule mpaka chini, na kokoto zako zitumie kwenye njia kati ya matuta.

“Unga wa makumbi ya nazi ni mali safi, utumie moja kwa moja.”

Hili ni la watu wa pwani. Unga wa makumbi ni mali safi kweli kwa kuoteshea miche: mwepesi, unashika maji, hauna mbegu za magugu. Lakini swali la kwanza ni makumbi hayo yametoka wapi. Unguja wanawake hufukia makumbi kwenye matope ya pwani kwa miezi, bahari ikipanda na kushuka juu yake, ili yalainike wapate nyuzi za kusokotea kamba. Unga unaobaki baada ya kuyaponda umejaa chumvi ya bahari. Ukipanda mche wa hoho ndani yake, ncha za majani zitaungua kana kwamba mmea umekosa maji. Uweke kwenye gunia, mwagia maji baridi ya mvua au ya kisima kisicho na chumvi, uache yachuruzike, rudia mpaka yanayotoka yasiwe na ladha ya chumvi. Ndipo utumie.

“Panda kwa kina, mche ushike.”

Kweli kwa nyanya. Kwa mimea mingine ni hatari, na hapa ndipo ushauri mzuri wa mmea mmoja umepelekwa kwa mimea yote ukaleta hasara.

Shina la nyanya linaweza kuotesha mizizi mipya popote linapogusana na udongo wenye unyevu. Litazame karibu na ardhi: vile vinundu vidogo ni mizizi inayosubiri nafasi. Ndiyo maana mche wa nyanya uliorefuka na kulegea kwa kukosa mwanga hauna haja ya kutupwa. Ondoa majani ya chini, fukia shina mpaka karibu na majani ya juu. Kwenye udongo mzito unaotuamisha maji, badala ya shimo refu chimba mfereji wa kina kifupi, laza shina, inua kichwa tu. Baada ya wiki chache mche huo una mizizi mingi kuliko mwenzake mnene aliyepandwa juujuu.

Sasa chukua mpapai ufanye hivyohivyo. Shingo yake, pale shina linapokutana na mizizi, ikifukiwa kwenye udongo wenye unyevu huoza, na mti uliokuwa unapendeza unaanguka kabla haujazaa. Mparachichi nao ni vivyo hivyo, na ule uliobebeshwa, kama wanavyoupanda Njombe na Murang'a, hutakiwa pale palipoungwa pabaki juu kabisa ya udongo. Saladi, chainizi na stroberi huchipua kutoka kwenye moyo ulio katikati. Moyo ukifunikwa udongo unaoza. Kitunguu kikizamishwa hakitanuki vizuri. Hoho na pilipili shina lao halioteshi mizizi kwa wepesi wa nyanya, kwa hiyo kina kile kile cha kiriba kinatosha. Kabichi na sukuma wiki zifukie mpaka chini kidogo ya majani ya kwanza, zisimame wima upepo ukija.

Na hata nyanya ina ubaguzi wake. Kituo cha Mboga cha Dunia, ambacho kina tawi lake la kanda Arusha, kimekuwa kikihimiza kubebesha nyanya juu ya shina la biringanya linalostahimili mnyauko wa bakteria. Ni kazi ya mikono na miche yake ni ghali. Ukiinunua kisha ukafukia pale palipoungwa, nyanya ya juu itaotesha mizizi yake yenyewe, itaingia kwenye udongo wenye ugonjwa, na fedha yako yote imezikwa pamoja nayo.

“Usiguse mizizi hata kidogo.”

Kwa matango, matikiti na maboga, shika neno hili. Mizizi yao haipendi kuchezewa. Ioteshe kwenye kiriba kikubwa kidogo na uihamishe mapema, ikiwa na majani mawili au matatu ya kweli. Karoti usihamishe kabisa. Mzizi wake mkuu ndio karoti yenyewe, ukikunjwa au kukatika unagawanyika miguu miwili.

Kwa miti ya kwenye viriba, neno hilo ni kosa. Mzizi uliogonga ukuta wa plastiki huzunguka, na mzizi wa mti ukishazoea kuzunguka hukomaa hivyo. Ukiupanda bila kuugusa, utaendelea kuzunguka ndani ya shimo lako, na baada ya miaka unaweza kujinyonga wenyewe au kuangushwa na upepo wa kwanza mkali. Mpandaji makini wa kahawa au parachichi hukata kitako cha kiriba, sentimita mbili au tatu za chini pamoja na mzizi uliojikunja, kisha huchana plastiki ubavuni. Mche wa mboga uliojaa mizizi kwenye kopo nao unahitaji kulegezwa: minya bonge kwa mkono, pasua kitako kidogo kwa kidole, mizizi ielekee nje.

Wapo wanaopanda mti na kiriba chake, wakisema plastiki itajiozea. Haiozi. Itoe yote, na usiiache shambani. Kiriba cha karatasi au cha magamba ya mgomba unaweza kukifukia chote, kwa sharti kwamba ukingo wake usitokeze juu ya udongo, kwa kuwa ukitokeza unavuta maji kutoka kwenye bonge na kuyapeleka hewani.

“Samadi mbichi ina nguvu zaidi.”

Ina nguvu ya kuunguza. Kinyesi cha kuku ndicho kikali kuliko vyote: naitrojeni yake hugeuka haraka kuwa amonia, ile harufu inayokuchoma pua bandani, na amonia hiyo pamoja na chumvi zilizomo huunguza ncha za mizizi. Ncha ikifa, mzizi hautoki kwenye bonge. Mwenye bustani anaona mche umekuwa wa njano, anadhani una njaa, anaongeza samadi.

Kuna sababu nyingine, na hii inahusu mlaji. Samadi mbichi inaweza kubeba vijidudu vinavyoharisha na mayai ya minyoo. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka samadi mbichi iingizwe kwenye udongo angalau siku 120 kabla ya kuvuna zao ambalo sehemu yake inayoliwa inagusana na udongo, na siku 90 kwa mazao mengine. Mchicha na saladi huvunwa muda mfupi sana kuliko huo. Kwa hiyo ukiweka samadi mbichi siku unayohamisha saladi, huwezi kuufikia muda huo hata ukisubiri. Kanuni hizohizo zinataka mboji ya samadi inayolundikwa kwa safu ifikie joto la kati ya nyuzi 55 na 77 za Selsiasi kwa siku 15, igeuzwe mara tano katika muda huo. Huna kipimajoto? Chomeka fimbo au chuma katikati ya lundo, kiache dakika kumi, kisha kishike. Kikikushinda kushika, lundo linafanya kazi. Baada ya hapo liache lipoe na litulie wiki kadhaa, mpaka linuke kama udongo wa msituni na usitambue tena ulichoweka.

Upande wa pili kuna wanaosema mboji ikiwa nzuri basi tuta liwe mboji tupu. Hapana. Mboji tupu hushuka kadiri inavyooza, hukauka juu haraka, na chumvi zake zinaweza kuzidi kwa mche mchanga. Robo hadi theluthi ya tuta jipya inatosha, iliyobaki iwe udongo. Maranda ya mbao nayo usiyachanganye ndani ya tuta unalotaka kupanda sasa. Vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji naitrojeni, na vitaichukua kutoka kwenye udongo kabla ya mche wako. Yatandaze juu kama matandazo, mbali kidogo na shina, na hayatakudhuru.

“Udongo wa kilimo hai hauna magonjwa.”

Si kweli, na natamani kila anayeanza bustani alisikie hili kabla hajatumia shilingi. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha kilimo hai tangu 2007, na alama yake ya Kilimohai ni jambo la kujivunia. Lakini alama hiyo inaeleza jinsi unavyolima. Haitangazi kwamba ardhi yako imesafishwa.

Mnyauko wa bakteria ndio mfano mkubwa. Bakteria wake hukaa kwenye udongo kwa miaka na huingia kupitia majeraha ya mizizi, na mche uliohamishwa leo una majeraha hayo kwa wingi. Hushambulia hasa ukoo mmoja: nyanya, viazi mviringo, biringanya, hoho, pilipili, tumbaku. Mmea hunyauka ungali kijani, ghafla, na maji hayausaidii. Kuutambua hakuhitaji maabara. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye kidonda, ni wenyewe. Ng'oa mmea na udongo unaouzunguka, usiuweke kwenye lundo la mboji, na usirudishe ukoo huo kwenye tuta hilo kwa misimu mingi. Panda mahindi, vitunguu au kabichi. Tuta lililotoka kuvunwa viazi msimu uliopita usilipe nyanya hata kama lina mboji ya kumezewa mate.

Minyoo fundo nayo haiogopi mboji, ingawa udongo wenye uhai mwingi huwa na maadui zake wengi. Sota hujificha ardhini mchana na kukata shina usiku, unaamka unakuta mche umelala kana kwamba umekatwa kwa wembe. Zungushia kila shina kola ya karatasi ngumu iliyozama sentimita mbili hivi ardhini, kisha fukua kwa kidole pale palipokatwa. Mara nyingi kiwavi mwenyewe yupo hapohapo, amejikunja. Na kinyausi, kile kinachoozesha shingo ya miche michanga ikiwa bado kitaluni, husababishwa na kuvu wanaopenda unyevu uliozidi na msongamano. Ukinunua trei ambayo baadhi ya miche yake imeanguka shingoni, umenunua na kuvu hao.

“Majivu hayana madhara, weka kila shimo.”

Majivu yana potasiamu na kalsiamu, na hupunguza ukali wa udongo wenye asidi. Nyanda za juu zinakoota chai, ambayo hustawi kwenye pH ya 4.5 hadi 5.5, kiganja cha majivu kwenye shimo la kabichi ni msaada wa kweli. Lakini peleka kiganja hicho Makunduchi au Paje kule Unguja, kwenye ardhi ya maweni iliyotokana na matumbawe, ambako udongo tayari umejaa chokaa. Pale majivu yanafunga madini ya chuma yasipatikane, na majani machanga yanageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ushauri ni ule ule, ardhi ni tofauti, matokeo ni kinyume.

Tena usichanganye majivu na samadi ambayo haijaiva. Majivu yanaigeuza naitrojeni ya samadi kuwa gesi ya amonia, nayo inapotelea hewani. Ukisikia harufu kali baada ya kuchanganya, unanusa mbolea yako ikiondoka.

Maganda ya mayai kwenye shimo la nyanya, ili matunda yasioze kitako? Si kweli kwa msimu huu. Maganda huoza polepole mno. Kitako cha nyanya huoza kwa sababu kalsiamu haikufika kwenye tunda, na kwa kawaida haikufika kwa kuwa maji yalikuja leo mengi, kesho hakuna. Mwagilia kwa mpangilio.

Unga wa kuvu wa mizizi unaouzwa kwa bei kubwa nao una wateja wasio wake. Ni kweli kuvu hao husaidia mimea mingi kufikia fosforasi na maji. Lakini ukoo wa kabichi, pamoja na sukuma wiki, hauungani nao, na mchicha kwa kawaida hauungani pia. Anayepanda sukuma na kununua unga huo anatupa fedha. Kwa nyanya na vitunguu, tuta lisilolimwa ovyo na lililofunikwa matandazo kwa kawaida lina kuvu wake tayari.

“Mche mkubwa wenye maua ndio uliokomaa.”

Si kweli. Mche wa nyanya uliochanua ndani ya kiriba kidogo umebanwa, na umeanza kuzaa kabla ya wakati kwa sababu hauna pa kwenda. Unaotakiwa una wiki nne hadi sita, majani manne au matano ya kweli, shina nene, haujachanua. Ukilazimika kupanda wenye maua, yatoe maua ya kwanza ili nguvu irudi kwenye mizizi.

Wakulima wa mpunga wanalijua hili vizuri. Kilimo shadidi, kilichobuniwa Madagaska na padri Henri de Laulanié mwaka 1983, huhamisha mche wa mpunga ukiwa na siku 8 hadi 12 tu, mmoja mmoja kwa nafasi pana, wakati desturi ya zamani husubiri wiki tatu au nne. Mche mchanga unahamishwa kabla haujaanza kutoa machipukizi, na huchipua kwa wingi shambani. Wakulima wa skimu ya Mwea nchini Kenya ni miongoni mwa waliokifuata.

Dukani, mwombe muuzaji akutolee mche mmoja kutoka kwenye trei. Bonge likitoka zima na mizizi ni myeupe, nunua. Likimomonyoka mkononi, mche bado mchanga. Mizizi ikiwa ya kahawia na inanuka, ondoka na fedha yako.

“Hamisha mwezi ukiwa mchanga.” “Hamisha jioni.”

Maneno haya mawili husemwa pamoja, na moja linalibeba lingine. La mwezi si kweli. Udongo mkavu na bonge kavu vitaua mche chini ya mwezi wowote. La jioni ni kweli kabisa. Mche uliopandwa saa kumi na moja jioni una usiku mzima wa kunywa kabla majani hayajaanza kudai maji, na siku ya mawingu inafanya kazi hiyohiyo. Asubuhi yake weka kivuli chepesi cha makuti au matawi, kwa siku tatu au nne, kisha kiondoe chote. Mche unaoachwa kivulini zaidi ya hapo utarefuka, na jua litakapoufikia utakuwa mnyonge kuliko siku ulipoununua.